SHELFU TUPU, SHELFU TELE
Historia fupi ya watu wanaopanga bidhaa madukani, kutoka kaunta ya mbao hadi supamaketi za Ilemela

Historia ya biashara katika nchi yetu imeandikwa sana. Wameandikwa matajiri, wameandikwa mawaziri, yameandikwa mashirika ya umma tangu yalipozaliwa hadi yalipokufa. Lakini katika maandishi yote hayo kuna mtu mmoja anayepita kama kivuli. Ni yule anayebeba katoni kutoka stoo, anaipasua, anapanga. Mteja akija anakuta sabuni ipo mahali pake, wala hajiulizi imefikaje pale. Mtu huyo akiwa kazini hatumwoni, na asipokuwepo tunalalamika kwamba duka halina kitu.

Katika makala hii nataka kueleza jambo moja tu. Heshima ya mpanga bidhaa katika nchi yetu imekwenda kinyume na shelfu yake. Shelfu ilipokuwa tupu, yeye alikuwa bwana mkubwa. Shelfu ilipojaa, yeye akawa si kitu. Kwa nini imekuwa hivyo? Na je, ni lazima iwe hivyo siku zote? Hebu tuanze mbali kidogo, kwa sababu mto huufahamu ukijua chanzo chake.

KAUNTA ILIKUWA MPAKA

Mwanza ilikuwa bandari na soko miaka mingi kabla ya kuitwa jiji. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na meli zikawa zinazunguka ziwa kupeleka mizigo na kurudi na ngozi na mazao. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora nayo ikafika Mwanza. Tangu hapo mji ukawa na milango miwili, mmoja wa maji na mwingine wa chuma. Kwa milango hiyo viliingia vitambaa, majembe, chumvi, sukari, mafuta ya taa na viberiti. Pamba ya Usukuma ikatoka. Msimu wa pamba ukiwa mzuri, maduka yalichangamka. Ukiwa mbaya, wenye maduka walikaa barazani wakipunga nzi.

Wenye maduka wengi walikuwa Wahindi. Aliyevuma kuliko wote zama zile ni Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch, aliyeanzia Bagamoyo kisha akafungua maduka kufuata njia za misafara mpaka sehemu za ziwani. Alifariki mwaka 1916, lakini mtindo wa duka lake tunao hadi leo.

Mtindo wenyewe ulikuwaje? Kuna kaunta ya mbao. Mbele ya kaunta yuko mteja, nyuma yake iko mali. Mteja haruhusiwi kugusa kitu. Anasema anachotaka au anaonyesha kwa kidole, halafu kijana wa duka anakwenda kukileta. Sukari haikuwa kwenye pakiti. Ilichotwa kwenye gunia, ikawekwa kwenye mizani, ikafungwa kwa karatasi. Kijana huyo huyo ndiye aliyepanga, akapima, akafunga, akafagia, na jioni akarudisha ndani vitu vyote vilivyoanikwa barazani. Alijua kila kitu kimewekwa wapi hata gizani. Mshahara wake ulikuwa mdogo na jina lake lilikuwa "boi", hata kama ana watoto wanne nyumbani.

Kwa Mwafrika wa wakati huo kaunta ilikuwa mpaka. Angeweza kufanya kazi nyuma yake, lakini kuimiliki ilikuwa shughuli nyingine kabisa. Roho ya duka dogo ni mali kauli: unachukua mzigo leo kwa muuza jumla, unalipa ukishauzika. Sasa, serikali ya Waingereza ilitunga sheria mwaka 1923, ikairudia mwaka 1931, ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kudai deni lake mahakamani, ila kama mkopo huo ulikubaliwa kwanza na serikali. Walisema wanamlinda mwenyeji asizame kwenye madeni. Basi muuza jumla gani angekubali kumpa mzigo mtu asiyeweza kumshtaki? Mwafrika alilindwa mpaka akabaki bila duka!

Watu wa Mwanza hawakukaa kimya. Miaka ya 1940 wafanyabiashara Waafrika wa mji huu walikuwa na ushirika wao, na kijana mmoja aliyekuwa ametoka kufanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Williamson akaajiriwa humo. Jina lake Paul Bomani. Wengi tunamkumbuka kwa pamba, kwa chama cha wakulima cha mwaka 1952 na kwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria la mwaka 1955, na baadaye kama waziri. Ni vizuri kukumbuka pia kwamba kabla ya mizani ya pamba alipitia hesabu za wenye maduka. Somo lilikuwa lile lile: anayeshika mizani ndiye anayeshika maisha yako.

MMAREKANI ALIYEVUNJA KAUNTA

Mwaka ule ule aliofariki Allidina Visram, ng'ambo ya bahari alitokea mtu mwingine akaamua kuivunja kaunta. Huyu ni Clarence Saunders wa Memphis, Marekani. Mwezi Septemba mwaka 1916 alifungua duka akaliita Piggly Wiggly. Mteja alipewa kikapu, akapita kwenye kigeuzi cha mlangoni, akatembea mwenyewe katikati ya shelfu, akachukua atakacho kwa mkono wake, akalipa mlango wa kutokea. Mwaka uliofuata Saunders akapata hataza ya serikali kwa ugunduzi wake huo. Mwaka 1923 alikuwa ameshaipoteza kampuni yake kwenye mchezo wa hisa, lakini duka la kujihudumia halikurudi nyuma tena.

Kwa nini nimekupeleka Memphis? Kwa sababu pale ndipo kazi ya kijana wa duka ilipopasuliwa vipande viwili. Zamani mtu mmoja alikuwa mdomo na mkono wa duka. Alisema, "Hii sabuni ni nzuri, hii inachubua." Baada ya Saunders, lebo ya pakiti ndiyo ikawa inasema. Mtu mmoja akawekwa mlangoni apokee pesa, na mwingine akaachwa kati ya shelfu ajaze pale palipopungua. Mpanga bidhaa kama tunavyomjua leo, yaani mtu asiyepima wala kupokea pesa, alizaliwa hapo. Alizaliwa bila mdomo.

Kisha ikaja mistari. Tarehe 26 Juni 1974, katika supamaketi moja ya mji wa Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya chingamu ya Wrigley's ilipitishwa juu ya kioo na mashine ikasoma mistari myeusi iliyochorwa juu yake. Tangu siku hiyo hata bei haikuhitaji kukaa kichwani mwa mtu. Chukua pakiti yoyote iliyo karibu nawe uangalie chini ya mistari hiyo. Namba ikianza na 620 imesajiliwa Tanzania, ikianza na 616 imesajiliwa Kenya. Namba 620 zimeanza kuonekana kwenye bidhaa zetu miaka ya 2010 tu. Kabla ya hapo wenye viwanda wa hapa walikuwa wakienda kuomba namba kwa majirani.

Lakini Mwanza ya mwaka 1974 haikuwa na habari ya mistari. Ilikuwa na kasheshe yake nyingine.

SERIKALI YASHIKA FUNGUO

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwezi ule ule makampuni makubwa ya kuingiza bidhaa yakataifishwa. Likaundwa Shirika la Biashara la Taifa, STC. Shirika moja la kuagiza kila kitu, kutoka sindano hadi matrekta, kwa nchi nzima! Likalemewa. Mwaka 1973 likavunjwa, na kila mkoa ukapewa kampuni yake ya biashara, hizo RTC ambazo wazazi wetu wakizitaja hucheka au hununa. Mwaka huo huo ikaja Tume ya Bei, bei za bidhaa nyingi zikawa zinapangwa Dar es Salaam. Mwanzoni mwa mwaka 1976 ikafuata Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi, hasa vijijini, yafungwe, na mahali pake yafunguliwe maduka ya ushirika ya vijiji. Miezi michache baadaye vyama vikuu vya ushirika vyenyewe vikavunjwa, pamoja na Nyanza ya hapa kwetu.

Nia ilikuwa njema, na mimi siungani na wanaocheka kila kitu cha enzi ile. Kaunta iliyokuwa mpaka kati ya rangi na rangi ilitakiwa iwe mali ya wananchi. Mtoto wa Msukuma kuwa meneja wa duka kubwa la mkoa lilikuwa jambo la fahari. Lakini duka ni mzigo. Mzigo usipofika, hata mwenye duka awe malaika, shelfu itabaki mbao.

Na mzigo haukufika. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Mlango wa maji wa Mwanza, ule wa Kisumu, ukapigwa komeo. Ukabaki mlango wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na vita ile ikala fedha za kigeni zilizokuwepo na ambazo hazikuwepo. Mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani. Viwanda vyetu vikakosa vipuri. Sukari, sabuni, chumvi, mafuta ya kula, dawa ya meno, betri, khanga: vyote vikawa vitu vya kuulizia kwa sauti ya chini. Watu walifulia majani ya mpapai. Foleni ilipangwa kabla hata ya kujua kinachouzwa ni nini. Unaona watu wamejipanga, unajipanga, halafu ndipo unauliza, "Jamani, kuna nini leo?"

Hapo ndipo kijana wa duka alipogeuka kuwa mtu mzito. Fikiria, msomaji. Yeye anajua lori limeingia saa ngapi. Anajua katoni ngapi zimeshushwa na ngapi zitafika mbele. Yeye ndiye anayepanga, na kupanga wakati ule kulikuwa na maana mbili: kupanga kwenye shelfu, na kupanga nani apate. Walimu walimsalimia kwanza. Wenye vyeo walimtumia vimemo. Harusi haikupangwa tarehe bila kumwona. Maneno mapya yakaingia katika Kiswahili chetu, au ya zamani yakapata maana mpya: kibali, mgao, mlango wa nyuma, ulanguzi, magendo, duka la kaya. Shelfu ya mbele ilikuwa tupu kwa sababu kulikuwa na shelfu nyingine isiyoonekana, chini ya kaunta.

Tusimwonee. Si wote waliouza kwa mlango wa nyuma, na wale waliouza walikuwa na watoto wanaohitaji sabuni kama watoto wengine. Tena bei ya serikali na bei ya mtaani zilipishana mno hivi kwamba hata mtu mwaminifu alijaribiwa kila asubuhi. Lakini ukweli ni kwamba nguvu yake haikutokana na ujuzi wake. Ilitokana na njaa ya wenzake, na watu hawasahau alivyokuwa anawatazama pale dirishani.

Mwezi Machi 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walikamatwa mamia kwa mamia, ikatungwa sheria maalumu ya kuwahukumu. Kwa hofu ya msako, wenye mali ya kuficha waliitupa usiku. Ilitupwa porini, ikatupwa majini. Bidhaa zilizokosekana madukani miaka kadhaa zikaonekana njiani asubuhi zikiwa hazina mwenyewe. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, na hadi leo wako wanaomlilia na wako wanaosema alitibu homa akaacha malaria. Mimi nasema tu kwamba msako unaweza kukuonyesha sabuni ilipofichwa, lakini hauwezi kutengeneza sabuni.

RUKSA

Bajeti ya mwaka 1984 ililegeza kamba. Mwenye fedha za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana amezipata wapi. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere akang'atuka, akaingia Mzee Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimpa jina la Mzee Ruksa. Mwaka 1986 tukatia saini na Shirika la Fedha la Kimataifa. Vidhibiti vya bei vikaondolewa kimoja baada ya kingine.

Vitu vikarudi. Kwa aliyekuwa mtu mzima wakati ule ilikuwa kama mvua baada ya kiangazi. Sabuni za rangi rangi! Redio! Mitumba kwenye marobota! Lakini ngoja. Shilingi ilishushwa thamani tena na tena, mishahara ikabaki nyuma, na wafanyakazi wa mashirika wakaanza kupunguzwa. Zamani ulikuwa na pesa mfukoni bila kitu cha kununua. Sasa kitu kipo mbele ya macho, mfuko ndio umetoboka. Foleni ikatoweka siku ile ile alipotoweka mwenye uwezo wa kununua bila kufikiri.

Na yule bwana mkubwa wa RTC? Alishuka kama jiwe majini. Makampuni ya mikoa yalishindwa kushindana na wafanyabiashara binafsi, yakafa au yakauzwa. Mtu aliyekuwa akiandikiwa vimemo akajikuta anatembeza karanga. Hakuna aliyemsalimia kwanza tena. Ghafla kila mtu anaweza kupata sabuni bila yeye, na ikaonekana kwamba hapakuwa na kingine kilichowafunga watu kwake. Hilo ndilo pigo kubwa, kuliko hata kukosa mshahara.

Mahali pake mitaani palishikwa na maduka madogo. Ukipita leo Nyasaka, Kiseke, Pasiansi au Kirumba, utaona kila kona kuna duka lenye kaunta na nondo, na muuzaji tunamwita Mangi hata kama kwao ni Magu. Kaunta ile ya mbao imerudi, safari hii na chuma juu yake.

NDANI YA SUPAMAKETI

Supamaketi zimekuja kwetu polepole, tena kwa kusuasua. Mwanza ilipata hadhi ya jiji mwaka 2000, na mwaka 2012 Ilemela ikawa manispaa yake yenyewe, makao makuu Buswelu. Katikati ya miaka ya 2010 likasimama jengo la Rock City Mall, la ubia kati ya uliokuwa mfuko wa pensheni wa LAPF na halmashauri za Mwanza na Ilemela. Vijana wa kidato cha nne kama sisi tukapata mahali pengine pa kuulizia kazi, mbali na viwanda vya samaki na mwaloni wa Kirumba.

Mimi mwenyewe nilipanga bidhaa miezi minane katika duka moja la kujihudumia, ambalo jina lake sitalitaja. Naieleza kazi yenyewe kwa sababu watu wanadhani ni kuweka vitu juu ya ubao basi.

Unaingia kabla ya mlango kufunguliwa. Unatoa mzigo stoo, unahesabu, unalinganisha na karatasi. Unasoma tarehe ya kuisha muda, kitu kwa kitu. Cha zamani unakivuta mbele, kipya unakisukuma nyuma, kwa sababu mteja huchukua kilicho mbele na maziwa hayana subira. Lebo zote zinatazama upande mmoja. Vizito vinakaa chini, visije vikamwangukia mtu. Vile ambavyo tajiri anataka vitoke haraka vinawekwa usawa wa macho, na peremende zinakaa usawa wa macho ya mtoto, karibu na mahali pa kulipia, ambapo mama amesimama hana pa kukimbilia. Chumvi na unga vinaweza kukaa hata kona ya mwisho, maana anayevitaka atavitafuta tu. Ukimaliza shelfu ya mwisho, ya kwanza imeshabomolewa. Ni kama kufagia ufukwe.

Hakuna anayekusalimia. Mteja anakuuliza, "Blubendi iko wapi?" huku anatazama juu ya kichwa chako. Nilizoea. Nisichozoea ni mwisho wa mwezi. Katika duka lile hasara yote, chupa zilizovunjika na vitu vilivyoibwa na vilivyoisha muda, ilijumlishwa na kugawanywa sawasawa kwa wapanga bidhaa wote, aliyevunja na asiyevunja. Hakuna karatasi, hakuna maelezo. Unapewa kilichobaki, unasema ahsante.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema vingine kabisa. Mwajiri hawezi kukukata kwa hasara ila iwe imetokea kazini na kwa kosa lako. Lazima akuandikie sababu, kiasi na namna alivyokipiga hesabu. Lazima akupe nafasi ya kupinga. Na makato yote yasizidi robo ya mshahara wako. Sheria hiyo hiyo inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na ziada hulipwa mara moja na nusu. Inataka pia upewe masharti ya kazi kwa maandishi unapoanza. Mshahara wa chini katika sekta ya biashara uliwekwa shilingi 115,000 kwa mwezi mwaka 2013, ukapandishwa hadi 150,000 kuanzia Januari 2023. Kwa miaka kumi nyongeza ilikuwa shilingi 35,000. Piga hesabu mwenyewe kodi ya chumba kimoja Nyamanoro na nauli ya daladala, halafu uniambie.

Tena usidhani ukubwa wa duka ni usalama. Uchumi, kampuni ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1975, ilifunga maduka yake yote ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Nakumatt, iliyoanza kama duka la magodoro Nakuru ikawa jina kubwa Afrika Mashariki nzima, iliporomoka mwaka 2017. Wa kwanza kujua kwamba meli inazama ni wapanga bidhaa. Wao ndio huona wasambazaji wameacha kuleta mzigo kwa sababu hawajalipwa, na ndio huambiwa watandaze kopo moja moja mbele ili shelfu ionekane imejaa.

JE, HAKUNA NJIA YA TATU?

Sasa turudi kwenye swali letu. Mpanga bidhaa wa RTC aliheshimiwa kwa sababu vitu vilikuwa haba. Mpanga bidhaa wa leo hathaminiwi kwa sababu vitu ni tele na vijana wanaotafuta kazi ni tele kuliko vitu. Uhaba umehama. Zamani ilikuwa haba sabuni, leo ni haba ajira. Zamani tuliinama mbele ya mwenye kushika sabuni, leo tunainama mbele ya mwenye kushika ajira. Ukiangalia vizuri utaona mambo hayajabadilika sana, aliyeinama tu ndiye amebadilika.

Wako wanaotamani zama zile zirudi, ati angalau mfanyakazi alikuwa mtu. Mimi siafiki. Heshima inayotegemea jirani yako akose chumvi si heshima, ni woga. Lakini pia siafiki wale wanaosema soko limeshaamua, asiyetaka aondoke, wako kumi nje ya geti. Hao wanasema maneno ya mwenye kaunta ya zamani, isipokuwa wamebadilisha shati.

Njia ya tatu ipo, nayo ni ngumu kwa sababu haiji kwa ruksa ya mtu. Kwanza ni ujuzi. Anayejua kusoma tarehe, kukadiria mzigo wa wiki, kutambua kitu bandia na kueleza mteja tofauti ya unga huu na ule ana kitu ambacho mistari ya pakiti haina. Huyo amerudishiwa mdomo uliopotea Memphis. Pili ni karatasi. Dai mkataba wa maandishi, dai hati ya mshahara, weka nakala nyumbani. Ukiachishwa kwa uonevu, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko ndani ya siku 30, na siku hizo hukimbia. Tatu ni wenzako. Vyama vya wafanyakazi vimebadilika majina, kutoka NUTA ya mwaka 1964 hadi JUWATA ya mwaka 1978, na leo wa viwandani na wa biashara wana TUICO tangu 1995. Vina udhaifu wake, nani asiye nao? Lakini mtu mmoja akigomea makato anaitwa mkorofi. Kumi wakigomea, tajiri anatafuta kalamu.

Na sisi tunaoota kuandika riwaya tuna kazi yetu ya ziada. Ng'ambo ya maji, Ukerewe, Mzee Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Kiswahili chake kikachapishwa mwaka 1980, baada ya miaka 35 ya kungoja. Ndani yake aliweka jinsi watu wake walivyolima, walivyopika pombe, walivyooa na kutibu, hatua kwa hatua, mpaka ukisoma unaweza kufanya. Hakuona kazi yoyote kuwa ndogo mno kwa kalamu yake. Basi na wewe uliye kati ya shelfu leo, chukua daftari la kuhesabia mzigo, geuza upande wa nyuma, andika. Andika bei za leo, nani alikuja kuuliza nini akaondoka bila kununua, na mwisho wa mwezi mlikatwa kiasi gani. RTC imekufa na watu wake wanazeeka bila mtu kuwauliza. Za kwetu tusingoje aulize mtu.